Swali la Dada wa Imotski

Mama yao alikuwa hajapoa vizuri kaburini pale Zvone alipoweka kikombe chake cha kahawa mezani, akafuta masharubu, akasema, "Kesho tunarudi Ujerumani. Mambo ya mirathi tutayamaliza kiangazi. Utakuja, utasema neno lako, tutakula mwanakondoo."

"Neno gani?" aliuliza Tonka, mdogo wake, ingawa alilijua.

Kila mwanamke wa kijiji kile, juu ya mji wa Imotski, alilijua. Mzazi akifa, dada huenda kwa mthibitishaji, yule ambaye mahakama humwachia kesi za urithi, akasema "naachia," na fungu lake likahamia kwa kaka. Baada ya hapo kaka huwapeleka wote kula mwanakondoo aliyechomwa mzima, humnunulia dada kitu cha nyumbani, na watu husema huyo ndiye dada. Sheria ya nchi haikuwahi kusema hivyo. Sheria ilisema nusu kwa nusu. Ila sheria haikai na mtu benchi moja kanisani.

"Usijifanye mjinga," alisema Zvone. "Na nyumba itapendeza. Ankica, mwonyeshe."

Ankica, mkewe, alimsogezea Tonka simu yenye mchoro. Nyumba ya mawe ya wazazi wao ilikuwa imepakwa nyeupe. Mtini wa uani haukuwepo. Mahali pake palikuwa na bwawa la kuogelea la buluu, na viti vya kulalia, na mwanamke wa kuchorwa amevaa kofia pana.

"Wageni watalipa vizuri," alisema Ankica. "Siku hizi hawataki ufukweni tu, wanataka huku milimani, kimya, na bwawa."

"Mimi na Roza tutakaa wapi?"

"Pishini, kile chumba cha chini ya nyumba," alisema Zvone. "Nitatoboa dirisha. Na wakati wa baridi mtapanda juu kama kawaida, wageni hawaji wakati wa baridi."

"Yaani nikae pishini na mapipa ya divai."

"Mapipa tutayatoa, wifi," alisema Ankica kwa upole wa mtu anayegawa kitu kisicho chake. "Na tutakununulia mashine ya kukaushia nguo."

Tonka alikuwa mjane, marehemu mumewe alimwachia gari bovu na binti mmoja, na akarudi nyumbani kumuuguza mama. Miaka yote ile alimgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Zvone alikuja kila Agosti, akambusu mama kwenye paji la uso na kumpa chokoleti ambayo mama hakuweza kuitafuna. Roza alikuwa amekulia chini ya mtini ule. Nyumba nyingine hawakuwa nayo.

Aliangalia tena mchoro. Ng'ambo ya uwa, pale kilipo chumba kidogo cha shangazi Perka, palikuwa na kibanda kipya.

"Hiki nini?"

"Mashine za bwawa," alisema Zvone, akaichukua simu yake.

*

Tonka alikuwa na stashahada ya kilimo na alisimamia duka la pembejeo barabarani: mbegu, dawa za mizabibu, mabomba ya kunyunyizia. Mchana, wateja walipokwenda kula, alikaa juu ya gunia la mbolea akatafuta mtandaoni. Alipata tovuti ya maswali ya wosia na mirathi. Bure, ilisema. Mawakili wanajibu.

Ilianza kumchokoza papo hapo. *Wewe ni nani? Chagua: mrithi, mdai, mtu mwingine.*

"Mtumwa," alisema Tonka, lakini hilo halikuwepo, akachagua mrithi.

*Onyo: haya ni maelezo ya jumla, si ushauri wa kisheria.*

"Basi ni nini, salamu za Krismasi?"

Akaandika kwa vidole vinavyonuka salfa: *Mama amefariki, hakuacha wosia. Tuko wawili, mimi na kaka. Kaka yuko Ujerumani, ana nyumba yake huko, kubwa. Mimi nimemuuguza mama mpaka mwisho na naishi kwenye nyumba hiyo na binti yangu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Nyumba ni ya mawe, ina mtini uani. Kaka anataka kung'oa mtini achimbe bwawa la wageni, sisi tukae pishini. Huku kwetu dada huachia urithi kwa kaka, asipoachia anaonekana mwizi. Naomba kujua, ni lazima? Na kama si lazima, kwa nini hakuna anayetuambia?* Akasaini: *Dada, Imotski.* Chini palikuwa na visanduku vya kuwekea alama. Aliviwekea vyote alama bila kusoma, kama anavyofanya kila mtu mwenye njaa.

Jibu lilikuja kabla ya wiki kwisha. Lilikuwa refu. Si lazima, lilisema. Hakuna wa kukulazimisha, fungu lako ni nusu. Kisha likaeleza maana ya kuachia, aya baada ya aya, kavu kama mkate wa juzi. Aya ya mwisho Tonka aliisoma polepole, akiifuata kwa ukucha. Mteja wa kwanza wa jioni alimkuta bado anaisoma, na Tonka akamwuzia mbegu za kabichi badala ya spinachi.

*

Kimojawapo cha vile visanduku kilisema: *nakubali swali langu lichapishwe.*

Mtu fulani wa kijijini alilikuta. Akalipiga picha, akaliweka kwenye kundi la kijiji, lile ambalo kwa kawaida lilikuwa na matangazo ya vifo na mbwa waliopotea. Alipiga picha ya swali peke yake. Jibu lilikuwa chini, ungebidi ufungue tovuti kulisoma, na hakuna aliyeona haja. Swali liliwatosha.

Wa kwanza kuingia dukani alikuwa Grgo, mzee wa makamo mwenye shingo nyekundu, aliyerudi kutoka Ujerumani na pensheni.

"Umeiona ile takataka?"

"Takataka zipo nyingi."

"Ya huyo Dada wa Imotski! Ni Jela, dada yangu. Najua maandishi yake."

"Imepigwa chapa, Grgo."

"Nayajua hata yakipigwa chapa. Mtini uani! Nani mwingine ana mtini uani?"

Tonka alitazama nje kupitia mlango. Kutoka pale aliweza kuona mitini mitano. "Unataka dawa ya mizabibu au unataka polisi?"

"Nataka kilo mbili za dawa, ya kawaida. Kaka aliye Ujerumani! Mimi si nilikuwa Ujerumani? Bwawa! Nimewahi kumwambia mtu nataka bwawa?"

"Hujawahi?"

"Nimemwambia Jela tu," alisema Grgo, na shingo ikazidi kuiva. "Si umeona?"

Baada yake alikuja mwingine, akaapa kuwa ni dada yake aliyeolewa mjini Split, maana yeye ndiye mwenye roho mbaya vile. Wa tatu alisema ni wake. Ikawa kila mwanaume aliyekula mwanakondoo wa dada yake, au aliyetarajia kumla, alijisoma mle. Walimwita yule dada nyoka, mwizi wa makaburi, mwanamke aliyekosa malezi. Tonka aliwapimia dawa na kuwarudishia chenji.

Wanawake nao walikuja. Walinunua vitu wasivyovihitaji, sindano za kushonea magunia, kamba. "Aibu gani hii," walisema kwa sauti. Kisha wakiegemea kaunta, kwa sauti nyingine: "Si mimi, eh. Lakini aliyeandika, sijui, ana moyo."

"Ana moyo au ana wazimu," alisema Tonka. "Ni hiyo kamba tu?"

Hakusema kuwa ni yeye. Aliona si kazi yake kujitangaza. Swali lilikuwa lake, jibu lilikuwa lake, na huko mtaani wapigane kwa kadiri wapendavyo. Angenyamaza hadi kiangazi kama si Jela.

Jela aliingia duka likiwa tupu. Alikuwa mwembamba, mfagiaji wa zahanati, anaishi kwenye chumba kimoja pembeni ya kiwanja cha Grgo. Alishika ndoo tupu.

"Naomba maji, Tonka."

"Kwenu yamekatika?"

"Kwangu. Grgo amefunga bomba. Anasema nikiwa na nyumba yangu ya mahakamani nikachote huko." Akaanza kulia bila kutoa sauti, ndoo ikigonga goti. "Sikuandika mimi. Mimi hata hiyo tovuti siijui inafunguliwa wapi. Niliachia zamani, nilisema neno, alininunulia jokofu. Kwa nini niandike sasa?"

Tonka alimjazia ndoo. Akamjazia na ya pili, akambebea mwenyewe mpaka kwake, akapita mbele ya dirisha la Grgo kwa makusudi, maji yakimwagikia viatu.

Jumapili, baada ya misa, watu walisimama mbele ya kanisa kama kawaida yao, wanaume upande wa ukuta, wanawake upande wa ngazi. Tonka alivuka uwanja akaenda upande wa ukuta.

"Grgo. Mfungulie Jela maji."

"Hayakuhusu."

"Yananihusu. Swali ni langu. Mimi ndiye Dada wa Imotski."

Grgo alitazama huku na huku kama mtu aliyevuliwa kofia na upepo.

"Wako?"

"Wangu. Mtini wangu, kaka yangu, bwawa langu. Nyinyi wengine mmejivika nguo isiyo yenu, na nashangaa ilivyowakaa."

Mwanaume mmoja nyuma alitema mate chini. "Mama yako hata maua ya kaburini hayajakauka, na unamgombania."

"Mama yangu nilimwosha mimi," alisema Tonka. "Wewe uliyekuja kula keki ya lozi kwenye mazishi, niambie kidonda chake kilikuwa ubavu gani."

Mwanaume yule alifuta mate yake kwa kiatu.

"Mwizi!" aliita mwanamke kutoka kwenye ngazi, na Tonka akamjua kwa sauti: ni yule aliyenunua kamba.

Jioni ile Grgo alifungua maji. Hakumwomba Jela radhi, na kuanzia Jumatatu hakununua tena kwa Tonka, wala yeye wala wengine wengi. Waliendesha magari mpaka mjini kwa dawa ileile. Asubuhi moja Tonka alikuta mlango wa duka umepakwa samadi. Akausafisha, akafungua.

*

Zvone hakungoja Agosti. Alifika na Ankica mwishoni mwa Juni, akapiga breki uani, na kabla hajavua miwani ya jua alikuwa anapiga kelele.

"Umenivua nguo mbele ya dunia!"

"Ulikuwa umeshavua, kaka. Mimi niliwasha taa tu."

"Mpaka Ujerumani, mjini München, wamesoma! Kazini kwangu! Fundi mwenzangu kutoka Sinj ananiuliza, pishi lako lina ukubwa gani?"

"Ukamwambiaje?"

"Mama!" alisema Roza dirishani. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kama mama yake, na alikuwa ameshika kisu cha viazi.

"Wewe ingia ndani," alisema Zvone.

"Mjomba, niko ndani," alisema Roza.

Waliingia jikoni wote. Zvone alikuwa amemwita shangazi Perka kutoka chumba chake ng'ambo ya uwa, akamkalisha kwenye kiti cha mama, kama mtu anayeweka bunduki mezani. Shangazi Perka alikuwa dada wa baba yao. Nyumba hii ilikuwa ya wazazi wake. Kaka yake alipooa, Perka alikwenda mjini akasema neno. Hakuolewa. Maisha yake yote alilala kwenye kile chumba ambacho zamani walikaushia nyama kwa moshi, na ukuta wake mpaka leo ulinuka paja la nguruwe.

"Mwambie, shangazi," alisema Zvone.

Bibi alilainisha aproni yake nyeusi. "Mwanangu, Tonka. Mimi niliachia, na sikufa. Baba yenu alininunulia mashine ya kufulia. Ilikuwa ya kwanza kijiji kizima, watu walikuja kuitazama ikizunguka. Dada akigombana na kaka, nani atabeba jeneza lake?"

"Wanne wowote wenye mabega," alisema Tonka. "Shangazi, mashine ilikaa wapi?"

"Eh?"

"Mashine yako ya kufulia. Ilikaa wapi?"

"Humu. Chumbani kwangu hakukuwa na bomba."

"Na nani aliitumia?"

Bibi alifikiri. "Mama yenu."

"Acha kumchanganya!" Zvone aligonga meza. "Hayo ya zamani!"

"Ya zamani ni haya haya. Baba alimdhulumu, na mimi nimekula na kunenepa ndani ya nyumba hiyo, sijifichi. Kaka, mwonyeshe shangazi mchoro."

"Mchoro gani?" aliuliza shangazi Perka.

"Si wakati wake," alisema Ankica haraka.

"Wa bwawa. Mwonyesheni chumba chake kinakuwa nini."

Zvone hakuitoa simu. Hilo lilitosha. Bibi alimtazama mpwa wake kwa muda, kisha akatazama dirishani, ng'ambo ya uwa, mlango wake mdogo uliopakwa kijani.

"Tutakutafutia mahali pazuri, shangazi," alisema Ankica. "Kuna nyumba za wazee, safi kabisa, masista wanaziendesha."

"Hm," alisema shangazi Perka. Akainuka, akatoka, akaufunga mlango wa jikoni nyuma yake kwa adabu.

Zvone alingoja hatua zake zipotee. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na Tonka aliiogopa hiyo kuliko kelele. "Sikiliza. Watu wote wanajua sasa. Nikirudi kutoka mjini bila neno lako, mimi si mwanaume tena hapa. Sitaweza kuingia kanisani. Utakuwa umeniua. Krismasi nitakuja na kukuomba, Pasaka nitakuja, kila wiki nitapiga simu. Nitawatuma makasisi. Nitamtuma kila mtu uliyewahi kumpenda. Mimi sichoki, Tonka, unanijua."

Alimjua. Walipokuwa watoto, Zvone alimtaka mbuzi wa mbao wa kuchezea wa Tonka, akamwomba majira yote ya baridi, asubuhi na jioni, mpaka Tonka akampa ili apate kulala. Alipompa, Zvone alimvunja pembe siku ileile.

Tonka aliona miaka ikija, simu ikilia, yeye akizeeka, akiwa mgonjwa siku moja, au mpweke, au akiwa tu na usingizi, na karatasi ikisogezwa mbele yake.

"Sawa," alisema. "Nitasema neno."

"Mama!" alisema Roza.

"Viazi, Roza."

Zvone hakuamini masikio yake. "Utasema *naachia*? Mbele ya mthibitishaji?"

"Mbele ya mthibitishaji."

"Apa kwa roho ya mama."

"Mama mwache apumzike, mmemchosha vya kutosha. Nimesema nitasema. Wewe ulisoma jibu?"

"Jibu gani?"

"La ile tovuti. Niliuliza, wakanijibu. Lipo pale chini ya swali, lisome mpaka mwisho kabla hatujaenda."

"Sisomi takataka. Swali lako lilinitosha."

"Basi nimekuambia," alisema Tonka. "Wifi, wewe ni shahidi, nimemwambia."

Ankica alikuwa tayari anapiga simu mahali wanapochoma wanakondoo, akiagiza mzima, na meza kubwa.

*

Mthibitishaji alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye feni ndogo iliyopeperusha karatasi zake upande mmoja. Nje ya mlango, kwenye korido, walisimama watu wawili watatu wa kijijini waliokuwa na shughuli zao mjini siku hiyo kwa bahati tu. Grgo alikuwa mmoja wao. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto.

Zvone alikubali urithi wake kwa sauti ya mtu anayeimba wimbo wa taifa. Mthibitishaji akaandika, akamgeukia Tonka.

"Na wewe, mama?"

"Naachia," alisema Tonka.

Koridoni mtu alishusha pumzi. Zvone aliegemea nyuma ya kiti, akamshika mkewe goti.

Mthibitishaji aliendelea bila kuinua macho, haraka haraka, kama msomaji wa litania, maana aliyasema haya mara nyingi na kila mara akina dada waliitikia kwa kichwa tu ili wawahi chakula. "Sheria inanitaka nikuulize, unaachia kwa niaba yako na ya kizazi chako, au kwa niaba yako peke yako, ndiyo, ya kizazi..."

"Peke yangu."

Kalamu ilisimama.

"Samahani?"

"Naachia kwa niaba yangu peke yangu. Si kwa kizazi changu. Andika hivyo hivyo, tafadhali, nitasoma kabla ya kusaini."

Mthibitishaji aliinua macho. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kumwona mtu. "Una watoto?"

"Mmoja. Roza. Ana miaka kumi na mitano."

"Basi fungu lako linakwenda kwake."

"Najua."

"Linakwenda kwa nani?" alisema Zvone.

"Kwa binti yake," alisema mthibitishaji. "Mama akijitoa peke yake, inahesabiwa kama hayupo, na mtoto anasimama mahali pake. Nusu ya nyumba na nusu ya mashamba."

"Basi mtoto aachie! Mwite, yuko hapo nje!"

"Hana umri wa kuachia."

"Mama yake aachie kwa niaba yake!"

"Mama yake hawezi kumtolea mali yake bila ofisi ya ustawi wa jamii kukubali. Na hao," alisema mthibitishaji, akirudi kuandika, "sijawahi kuwaona wakikubali mtoto apoteze paa."

Zvone alisimama, kiti kikaanguka. "Umenidanganya! Uliniambia utasema neno!"

"Nimesema. Wote wamesikia. Grgo, si umesikia?"

Grgo, mlangoni, alitazama dari.

"Nilikuambia usome jibu," alisema Tonka. "Aya ya mwisho. Ipo wazi kwa dunia nzima tangu masika. Kijiji kizima mmenitukana kwa swali, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua nilijibiwa nini."

"Kwa nini hukusema hapana tu?" alisema Zvone. "Kama hukutaka, ungesema hapana usoni mwangu!"

"Kwa sababu najijua, na nakujua. Leo ningesema hapana, Krismasi hapana, Pasaka hapana, halafu siku moja nimechoka, ningesaini ili unyamaze. Sasa piga simu utakavyo. Hata nikichoka haikusaidii, si yangu tena."

"Miaka mitatu," alisema Ankica, aliyekuwa akihesabu kimya. "Miaka mitatu tu, halafu ni mtu mzima, anaweza kusaini."

"Ndiyo, wifi. Mna miaka mitatu ya kujifunza kumsalimia."

Akasoma karatasi yote, neno kwa neno, huku feni ikivuma na kaka yake akipumua kwa nguvu juu ya kichwa chake. Akasaini. Zvone alitoka akiwapita watu wa koridoni bila kumtazama yeyote, na hakuna aliyemgusa bega.

*

Mwanakondoo alikuwa ameshachomwa na ameshalipiwa. Tonka hakuona sababu ya kumwachia mbwa. Alimchukua Roza, akapita nyumbani kumchukua shangazi Perka na aproni yake nyeusi, wakaenda wakakaa kwenye ile meza kubwa iliyoagizwa, watatu kwenye ncha moja. Nyama ililetwa kwenye sinia, ngozi ikipasuka, na vitunguu vibichi na mkate.

Walikuwa wamekula kidogo tu Zvone na Ankica walipoingia. Zvone alikuwa amelipa, naye si mtu wa kuacha alicholipia. Hakuja kwenye meza kubwa. Alikaa meza ya pembeni, akawapa mgongo, akamwambia mhudumu amletee mbavu kutoka kwenye sinia lile, kwa kuwa ni lake. Mhudumu alisimama katikati na koleo lake, hajui aende wapi.

"Mpelekee," alisema Tonka. "Nusu."

Shangazi Perka alitafuna polepole upande wenye meno. Alipomeza, alifuta vidole kimoja kimoja.

"Na kile chumba changu?"

"Kipo kwenye kiwanja, shangazi. Nusu ni ya Roza. Kaka akitaka kuweka mashine zake, atuulize."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Akakata kipande kingine cha mkate, hakukila, akakiweka kando ya sahani. "Hiyo tovuti yako," alisema. "Inajibu na mambo ya zamani?"

"Inajibu. Usitegemee jibu zuri."

"Sikuuliza kama ni zuri."

Tonka alitoa simu, akaifungua kwenye lile swali, akashuka mpaka kwenye jibu lililo chini yake, akaisukuma mezani.

"Sina miwani."

"Roza, msomee shangazi."

Roza alifuta mafuta mikononi, akachukua simu. Kwenye meza ya pembeni uma ulisita juu ya sahani.

"Kwa sauti?" aliuliza.

"Kwa sauti," alisema Tonka. "Na usiruke kitu. Mpaka mwisho."